Meno ya Marehemu

Tulimwacha Fundi wa Meno kwenye kiti cha ofisi ya safari, kijitabu cha matangazo kimefunguka mapajani mwake. Ndani ya kijitabu hicho mumewe, tuliyemlilia miaka minne iliyopita katika msiba usio na maiti, alikuwa anamchekea. Wewe uliyesema wiki jana kwamba duniani wawili wawili, vuta kiti ukae. Sura hufanana, lakini meno aliyoyachonga kwa mikono yake mwenyewe, fundi huyajua.

"Umeipenda hiyo hoteli?" Mpima aliuliza.

Huyu ni mpima ardhi, mchumba wake, na harusi yao ni Jumamosi. Alikuwa ameinamia meza ya karani akipanga fungate: asubuhi ufukweni, mchana kwenye mji wa kale na wachongaji wake, jioni ngoma. Mpima hawezi kwenda hata sokoni bila kujua kaskazini iko wapi.

Pichani wapiga ngoma walisimama mbele ya hoteli, mchanga mweupe nyuma yao, na mmoja mwenye ndevu hadi kifuani alikuwa amefungua mdomo kwa kicheko. Ndevu hazikumbabaisha Fundi. Alikuwa anatazama jino la pili kutoka katikati, upande wa kulia. Kona yake ya mviringo, iliyopaswa kuelekea shavuni, ilielekea katikati. Lilikuwa jino la kushoto lililopandwa kulia.

Kosa hilo alilifanya yeye. Wiki ya harusi yao bwana alianguka na pikipiki akaacha meno ya mbele barabarani. Fundi akamtengenezea mengine mbio mbio, kichwa kimejaa mambo ya sherehe, akachanganya kushoto na kulia. Alipogundua alitaka kulitoa alirekebishe, bwana akamkatalia katakata.

"Liache hivyo hivyo," alisema. "Nikipotea sokoni utanijulia hapo."

Kisha siku moja akapanda kivuko kilichozama, na kilichorudi nyumbani ni koti lake tu.

"Dada," Fundi alimwambia karani, "picha hii si ya zamani?"

"Zamani ya wapi, dada yangu? Hoteli yenyewe imefunguliwa mwaka huu. Wageni wa kwanza wanasema rangi ilikuwa bado inanuka."

Umesikia, msomaji. Mtu aliyezama miaka minne iliyopita anapiga ngoma kwenye hoteli ya mwaka huu.

Kijitabu kilimponyoka Fundi. Mpima alikiokota, akamshika bega.

"Una nini? Umepauka."

"Njaa tu."

Kwa muda mrefu Fundi alikuwa hataki kusikia habari za bahari. Mpima akitaja pwani yeye anataja milima, kwa kuwa maji yalikwisha kumnyang'anya mume mmoja na hakutaka kuyapelekea wa pili. Sasa alijisikia akisema, "Twende hapo. Hoteli hiyo hiyo."

Mpima alifurahi mpaka karani naye akacheka. Fundi alijiona mwizi. Mwanamume anamnunulia fungate, naye anaitumia kumfuata mume.

"Kwa kuwa umekubali, nikutolee siri," Mpima alisema. "Mama naye anakuja. Atatufuata siku za mwisho."

"Mama yupi?"

"Mama mkwe wako. Si umesema hajawahi kuiona bahari? Nilimwambia zamani, nikamwomba asikwambie. Kesho alasiri nampelekea begi la safari."

Mimi sijawahi kusikia bwana harusi anayemwalika fungate mama wa marehemu. Lakini Mpima ndivyo alivyo, akija kukupimia kiwanja chako humpimia na jirani.

"Basi niwakatie tiketi?" karani aliuliza.

"Kesho," alisema Mpima. "Tulale nayo kwanza."

*

Fundi alitoka pale peke yake. Akilini alimwona Mama Mkwe akishuka kwenye gari la hoteli, amevaa viatu vyake vya sikukuu, halafu anaitwa "mama" na mpiga ngoma. Yule mama moyo wake si wa kuchezewa. Baada ya msiba ni yeye aliyewaambia ndugu zake kwamba huyu si mkwe tena, ni mwanangu, na Mpima alipokuja kuposa alipelekwa kwake. Angeanguka palepale, na dhambi ingekuwa ya nani?

Alikwenda kwake moja kwa moja, amzuie asisafiri. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, mchana kweupe. Alibisha hodi mpaka mkono ukachoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama Mkwe alisimama katikati ya mlango kama anauziba. "Mbona leo bila simu?"

"Kwani nilianza lini kupiga simu kwetu?"

Ikabidi ampishe. Jikoni sufuria ya viazi vya kupondwa ilikuwa mekoni, vimelainishwa mpaka vimekuwa uji, na alipovionja havikuwa na hata chembe ya chumvi. Fundi alishangaa kidogo. Mama huyu ana meno yake yote, na mfupa wa kuku ukipita mikononi mwake paka huambulia harufu.

"Unaumwa?"

"Tumbo. Uzee huu." Mama alifunika sufuria haraka. "Afadhali umekuja. Ile safari ya baharini siendi tena."

Fundi alitaka kumkumbatia. Alikuwa amekuja kubembeleza, hata kudanganya, na mlango umejifungua wenyewe. Angenyamaza hapo angekwenda zake salama. Lakini siri nzito hutafuta wa kusaidiana naye kuibeba, na yeye hakuwa na mwingine. Akakitoa kijitabu mkobani.

"Mama, mtazame huyu mwenye ndevu."

Mama Mkwe alitazama. Mkono wake ulishika ukingo wa meza.

"Simjui," alisema.

Fundi alikuwa hajamwuliza kama anamjua.

"Angalia meno yake, mama."

"Nimesema simjui. Mwanangu yuko majini. Mwache alale, nawe Jumamosi uolewe, uondoke kwenye mikosi hii." Machozi yalikuwa yanamtoka mbio mbio. "Nenda nyumbani, mwanangu. Nakuomba. Usiniulize kitu leo."

Akamsindikiza mpaka nje, akafunga mlango, na komeo likasikika. Fundi alibaki barabarani akijilaumu kwa kumtonesha mzazi kidonda. Mimi ningerudi niulize habari za vile viazi. Lakini mtu aliyeelemewa haoni sufuria.

*

Jua lilikuwa halijazama alipofika kwa Mpima. Alimkuta sebuleni ametandaza ramani ya nchi ya joto iliko ile hoteli, anachora kwa penseli njia ya kutoka hotelini mpaka mji wa kale, ili mkewe asitembee juani.

"Mpima, kuna jambo."

"Kaa kwanza."

"Nikikaa sitalisema." Aliweka kijitabu juu ya ramani. "Huyu ni mume wangu."

Mpima hakucheka wala hakupandisha sauti. Alichukua lenzi yake ya kusomea ramani za zamani akaishusha juu ya picha. Fundi alimweleza habari yote ya jino, la kushoto lililokaa kulia, pikipiki, kosa, na kukataa kwa marehemu. Mpima aliangalia tena, akaiweka lenzi chini. Alikuwa ameamini, na hilo ndilo lililomuua Fundi. Angebisha ingekuwa nafuu.

"Basi wewe ni mke wa mtu," alisema.

"Mimi sijui ni nani."

"Siwezi kujenga kwenye kiwanja chenye mwenyewe."

"Nisingekwambia?"

"Umefanya vizuri kuniambia. Inaniuma, lakini umefanya vizuri." Alianza kuikunja ramani, akakosea mkunjo, akaifungua akaanza upya. "Tutakwenda. Harusi isimame kwanza. Mimi nitamtazama mdomoni kwa macho yangu. Kama jino hilo lipo, nitakuachia. Kama halipo, tunarudi, tunaoana, na sitaki kulisikia tena jambo hili maishani mwangu."

"Mpima."

"Ila nijibu moja. Ukimkuta ni yeye, mimi nitapanda ndege ya kurudi na nani?"

Fundi alimpenda mtu huyu. Alimpenda kwa utulivu, kama nyumba isiyovuja. Na yule wa pichani alimpenda vipi? Alijaribu kulipima hilo, akaogopa.

"Nakupenda," alisema.

"Sikuuliza hilo."

"Najua."

"Basi nipe jibu kesho jioni. Nikishatoka kupeleka begi la mama nitapita kazini kwako."

Hapo Fundi angemwambia kwamba mama haendi tena, begi halina kazi. Hakukumbuka. Alitoka analia, akalia njia nzima, wapita njia wakimpisha. Usiku ulipita bila usingizi na asubuhi ikamkuta hana jibu.

*

Sasa nikueleze kitu ambacho watu wengi hawakijui, maana hapa ndipo yote yalipogeukia. Wewe ukipeleka meno yako ya bandia kliniki, unadhani daktari ndiye anayeyaunda chumba cha nyuma. Si yeye. Kliniki za mji ule, kubwa kwa ndogo, za upande huu na za ng'ambo ya mji, zote hutuma kazi zao kwenye karakana moja. Na kazi za kuunga zilizovunjika huishia kwenye meza moja, karibu na dirisha. Meza hiyo ni ya Fundi.

Asubuhi hiyo alikuwa anajaribu kupanga meno kwenye nta, anapanda moja, analing'oa moja. Mwenye pikipiki wa kliniki ya ng'ambo aliingia na kiboksi.

"Fundi, hii ya haraka. Mwenyewe anaitaka leo leo."

"Kila mtu anaitaka leo leo."

Alifungua kiboksi. Ufizi wa bandia, rangi ya waridi, umepasuka katikati. Meno ya mbele ya juu. Bado yalikuwa na unyevu, hivyo yalitoka mdomoni mwa mtu asubuhi hiyo hiyo. Aliyageuza kwenye mwanga ili aone ufa.

Jino la pili, upande wa kulia, kona yake ya mviringo ilitazama katikati.

Alikaa. Bahati nzuri kiti kilikuwepo.

"Nani kaleta haya?"

"Mama mmoja mtu mzima. Daktari kamwambia amlete mwenye mdomo, mama akasema ni mgonjwa, hatoki ndani. Jina hakutaka kulitoa. Kasema ufizi umechubuka, mwenyewe hawezi kutafuna. Siku hizi zote anakula viazi vya kupondwa."

Viazi. Komeo la mchana. "Simjui" iliyotangulia swali. Yote yalimjia kwa pamoja na akashika kichwa. Mama wa watu alikuwa ameuvuka mji mzima kwa miguu yake mibovu ili kumkwepa Fundi, akatafuta kliniki ya mbali asikojulikana, akadhani amefunika. Na lile la kufunika likapelekwa kwenye pikipiki, likawekwa kwenye kiganja cha Fundi mwenyewe. La kuvunda halina ubani.

Mumewe hakuwa ng'ambo ya bahari. Alikuwa hapa, nyuma ya mlango ule, akila viazi, wakati mkewe amesimama jikoni anaonyesha picha yake.

Furaha ilimpanda, na nyuma yake hasira, na hasira ilikuwa kubwa zaidi. Miaka yote ile. Alikuwa amelifua lile koti kwa mikono yake, akalikunja, akaliweka sandukuni kama mwili wa mtu.

"Nikwambie itakuwa tayari saa ngapi?" mwenye pikipiki aliuliza.

"Nisubiri hapo nje."

Aliviunganisha vipande viwili kwa nta, akavimiminia chini yake jasi ya kuvishikilia, akaupanua ufa, akachanganya unga wa waridi wa kuundia ufizi na maji yake. Kazi ilimtuliza. Kisha akalitazama lile jino, na jambo likamjia ambalo hakulifikiri mara mbili. Alichukua msumeno mdogo akalikata. Akavuta kadi iliyobandikwa meno mapya ya bandia, akachagua la kulia, la rangi ileile, akalipanda mahali pake. Kosa la maisha yake likarekebishwa. Lile la zamani alilitia mfukoni mwa aproni.

Hakuandika neno. Mwenye mdomo akijitazama kwenye kioo angejua nani amemshika. Yeye mwenyewe alisema, utanijulia hapo. Sasa na ajue kwamba amejulikana.

Aliyang'arisha, akamkabidhi mwenye pikipiki, akanawa mikono. Baada ya hapo hakufanya kazi yoyote ya maana. Alikaa, simu mbele yake, akisubiri kama mgonjwa anayesubiri majibu.

Alasiri simu ililia. Kwenye kioo chake palikuwa na neno moja, Mama.

"Shikamoo, mama."

Pumzi za mtu. Halafu sauti aliyoizika bila kaburi:

"Nani alikwambia uguse jino langu?"

Fundi alifunga macho. Machozi yalitoka hata hivyo.

"Uko hai," alisema.

"Niko hai."

"Nimekulilia mpaka majirani wakachoka kunibembeleza. Wewe unapiga ngoma."

"Niliposikia unaolewa nikarudi. Nilitaka nikuone tu, kwa mbali. Mama amenificha ili nisikuharibie Jumamosi yako. Ameniletea meno, akatoka tena bila simu, amekwenda kunitafutia nyama. Njoo kabla hajarudi. Nikueleze."

"Utaeleza nini? Kuna maneno ya kueleza kitu hicho?"

"Yapo. Mabaya, lakini yapo. Njoo uyasikie, halafu unifukuze."

Alitaka kumwambia afe tena. Alitaka pia kukimbia bila hata kuvua aproni. Alikuwa amekwisha kusimama, hajui ni kwa lipi kati ya hayo mawili, aliposikia kwa mbali, ndani ya simu, mlango unabishwa.

"Hodi humu ndani. Mama, ni mimi. Nimeleta begi."

Sauti ile angeitambua hata usingizini.

"Ni nani huyo?" mumewe aliuliza kwa kunong'ona.

Swali lilikuwa dogo, na jibu alikuwa nalo tangu jana. Mchumba wangu. Mume wangu wa Jumamosi. Mtu anayengoja nimwambie atarudi na nani.

"Usifungue," ndilo alilopata kusema. "Nakuomba usifungue."

"Nimejificha vya kutosha, mke wangu."

Alisikia komeo likivutwa. Alisikia begi likiwekwa chini. Kisha pakawa kimya kirefu, kimya cha mtu anayelinganisha ndevu zilizo mbele yake na ndevu alizoziona kwa lenzi.

"Mama katoka," mumewe alisema. "Karibu. Mimi ni mgeni wake."

Hiyo ilikuwa njia ya kukana, na aliichagua kwa haraka mno.

"Ahsante, kaka," Mpima alisema kwa upole wake uleule. "Sikai. Nakuomba kitu kimoja tu, na usinione mwendawazimu. Fungua mdomo. Nataka kuliona jino lako la pili, upande wa kulia."

"Usimwamini, Mpima," Fundi alisema, kisha akapiga kelele, lakini simu kule ilikuwa imekwisha kushushwa chini na hakuna aliyemsikia. Maneno ya jana yalimrudia, kwamba kama jino hilo halipo tunarudi, tunaoana, na sitaki kulisikia tena.

Alitia mkono mfukoni mwa aproni. Jino lilikuwa humo.